Miaka Sitini ya Mama wa Ikutha



Alitujia binti mmoja wa mtaani kwetu pamoja na mumewe. Binti huyu ni Mkamba wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Alisilimu kabla ya kuolewa, na wazazi wake wamebaki katika Ukristo. Ndugu zake walikuwa wamempigia simu kwamba mama yao anatimiza miaka sitini, na watoto wote wanatakiwa nyumbani. Mume alihofia kuwa sherehe ya kuzaliwa si ada ya Waislamu, akataka tumpe neno moja tu: mkewe aende au asiende.

Hatukumjibu upesi, na sababu ni aibu yetu wenyewe. Miaka mingi nyuma mama mwingine alituuliza swali kama hilo kuhusu baba yake. Tulimjibu kwa mkato asiende, wala hatukumwuliza huko kuna nini. Naye akatii. Mzee yule alifariki kabla ya mwaka kwisha, na binti yake hakumwona tena. Mama yule hajatulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma.

Katika suala lenyewe maulamaa wamehitilafiana. Marehemu Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliikataza sherehe ya kuzaliwa, kwa kuwa ni kuiga wasio Waislamu. Wanazuoni wa Darul Iftaa ya Misri wanaihesabu kuwa ni ada isiyo ibada, nayo yafaa maadamu haikuingiwa na haramu. Anayejiepusha nayo ana hoja, na asiyejiepusha asikufurishwe.

Hata hivyo, swali la binti huyu lilikuwa na mlango wa pili, nao ni haki ya mama. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.), aliyetembelewa na mama yake hali ya kuwa bado mshirikina. Alipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwunge, aliamrishwa amwunge. Na Surat Luqman yafundisha kwamba hata wazazi wanaomshurutisha mtoto ashirikishe hawatiiwi katika hilo, lakini hukaa nao kwa wema hapa duniani.

Tukamwambia mume: nendeni nyote wawili, na zungumzeni mapema na shemeji zenu juu ya chakula. Akatuomba tufuatane, tukakubali.

Kutoka Mombasa tuliiacha barabara kuu Kibwezi, tukauvuka mto Athi unaoitenga Makueni na Kitui, tukafika Ikutha jua likiwa kali na mvua zimechelewa. Tuliwakuta mashemeji wamewafunga mbuzi wawili kivulini, hawajawagusa. Walikuwa wakimngoja mkwe wao achinje yeye, ili wageni wote wale sungu moja. Wanawake wa pwani wakapika pilau. Wenyeji wakaleta muthokoi na asali. Ulipoingia wakati wa Adhuhuri, kijana mmoja alifagia chini ya mti, akatuwekea madumu mawili ya maji ya kutawadha. Katika nchi ambayo mwanamke huchimbua mchanga wa kijito kikavu apate ndoo moja, hiyo si heshima ndogo.

Mama mwenyewe haijui siku yake. Aliambiwa tu kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko, 1961, mvua zilipokuja baada ya ukame mkali. Watoto walichagua Jumamosi iliyowafaa wote. Keki ilikuwepo, wajukuu waliikata, nasi tulikaa kando, wala hatukumkaripia mtu wala hatukulazimishwa. Fedha za kukodi hema na muziki walikuwa wamezigeuza kuwa tangi la kuvunia maji ya mvua, nalo ndilo lililomliza mama. Kisha akamgeukia mkwewe, akasema: "Mwanangu, nilidhani dini yako imenichukulia mtoto. Kumbe inaweza pia kumleta."

Tuliporudi tulikuwa tukiyahesabu maneno hayo. Imepokewa na Bukhari kwamba aliyefikishwa miaka sitini hana tena udhuru mbele ya Mola wake. Miaka sitini ya jua ni karibu sitini na miwili ya mwezi. Basi sisi tulio katika hamsini tujue kwamba kwa kalenda yetu ya Kiislamu tumeshakaribia kuliko tunavyodhani. Siku kama hii na iwe ya hesabu: deni gani halijalipwa, nani hajaombwa radhi. Sisi tulianza na yule mama tuliyemzuia. Tulikwenda kwake, tukamwomba atusamehe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema amesamehe, na akatuomba tuwaambie wengine.

Ndiyo maana tumeandika. Mto ule wa Athi tuliouvuka hukutana na Tsavo ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Maji ya Ikutha hutufikia bila ya kuulizwa kabila wala dini. Mwenye mama aliye hai, wa dini yoyote, asingoje miaka sitini itimie. Ampigie leo.

Wabillahi tawfiq.