Tangazo Linapopiga Kelele: Sauti ya Televisheni na Afya ya Masikio

Mzee aliyepungukiwa na usikivu huongeza sauti ya televisheni ili afuate mazungumzo ya tamthilia. Ghafla tangazo la biashara huingia kwa kishindo, naye hushtuka na kuziba masikio. Jamaa humwona mkorofi: jana alidai hasikii, leo analalamikia kelele. Kumbe yote mawili ni kweli. Chembe za sikio la ndani zinapoharibika, sauti ndogo hupotea, ilhali kubwa huendelea kuumiza. Nafasi baina ya kisichosikika na kisichovumilika huwa finyu.

Kwa miaka mingi vituo vya utangazaji vilidhibiti vilele vya sauti tu. Watengenezaji wa matangazo walikitii kikomo hicho, lakini walizibana sauti hata zile ndogo zikakaribia kilele muda wote. Mtambo ulionyesha usawa. Sikio lilisikia kelele.

Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa kanuni BS.1770, inayokadiria ukubwa wa sauti kama msikilizaji anavyouhisi. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulipendekeza wastani wa −23 LUFS. Nchini Marekani, sheria iitwayo CALM ilitiwa saini Desemba 2010 na kuanza kutekelezwa Desemba 2012. Inataka wastani wa sauti ya matangazo usizidi ule wa vipindi yanavyoambatana navyo.

Hata hivyo, kanuni hizo husawazisha sauti inayorushwa. Kiasi kinachofika sikioni huamuliwa na mwenye rimoti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu.

Mhudumu wa afya anapomhoji mgonjwa, na aulize pia: “Je, nyumbani wanalalamika kwamba unafungulia televisheni kwa sauti kubwa mno?” Jibu la ndiyo ni sababu ya kuchunguza nta na maambukizi, kisha kupima usikivu. Mgonjwa naye asichokonoe sikio kwa njiti. Kuketi karibu na televisheni, kusoma maandishi ya chini ya picha na kutumia kifaa cha usikivu humsaidia kuliko kuongeza sauti. Usikivu ukipotea kwa ghafla, hata katika sikio moja, afike hospitali siku hiyo hiyo, kwani tiba ikichelewa matumaini ya kupona hupungua.