Siri ya Damu ya Watoto Wetu

Katika maradhi yanayowatesa watoto wa Afrika ya Mashariki, ni machache yanayowaliza wazazi kama ugonjwa wa seli mundu. Mtoto huzaliwa salama. Baada ya miezi kadhaa vidole vyake huvimba, macho hugeuka manjano, na maumivu ya mifupa humnyima usingizi. Majirani nao hawakosi la kusema: huyu asema ni jicho, yule asema ni mkono wa mtu, na mara nyingi lawama yote humwangukia mama.

Elimu imekwisha kutoa hukumu nyingine. Mnamo mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walidhihirisha kwamba asili ya ugonjwa huu ni kasoro katika hemoglobini, yaani kile kitu chekundu cha damu kichukuacho hewa mwilini. Kwa kasoro hiyo chembe za damu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa. Leo twajua kuwa katika maandishi ya urithi wa mwanadamu, yenye herufi zipatazo 3,000,000,000, ni herufi moja tu iliyogeuka. Mtoto huugua anapoirithi kwa baba na kwa mama pia. Basi ni nani awezaye kumlaumu mama peke yake?

Maandishi marefu kiasi hicho hayasomeki kwa macho. Ndipo ilipozuka elimu iitwayo bayoinfomatiki, itumiayo kompyuta kulinganisha urithi wa maelfu ya watu. Matabibu walikwisha kuona kwamba mtoto mchanga hukingwa na hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mamaye, na kwamba wako watu wazima wachache wasioipoteza. Kwa nini? Mwaka 2007 na 2008 wataalamu walilinganisha urithi wa watu wengi, miongoni mwao maelfu ya wakazi wa kisiwa cha Sardinia, wakaiona jeni iitwayo BCL11A. Ikathibitika kuwa ndiyo inayoizima hemoglobini hiyo ya utotoni. Kwa ujuzi huo ilipatikana tiba ya kurekebisha chembe zinazozaa damu, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Lakini ilipotangazwa Marekani bei yake ilikuwa dola 2,200,000!

Hata hivyo tusikate tamaa. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, nayo huiongeza hemoglobini hiyo. Utafiti uliotangazwa Desemba 2018, uliohusu watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo, vyote vilipungua.

Enyi wazazi, dini yetu haikutuamrisha kukaa na kungoja. Bwana Mtume (S.A.W.) alitufunza kutafuta dawa. Dua tumwombee mtoto, na hospitali tumpeleke mapema. Nanyi vijana, hasa mnaooana katika ukoo mmoja, pimeni damu kabla ya ndoa; maana wakikutana wawili wenye kuichukua kasoro hii, kila mimba ina hatari ya moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Huko si kuikataa kadari, bali ni kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu shifaa, na atupe sisi akili ya kuitafuta. Amin.