Valvu Kubwa Si Nguvu Kila Mara

Mwenye bodaboda wa Likoni, Mombasa, akitaka pikipiki yake iongezwe nguvu, hakosi kuambiwa abadilishe pistoni, na baadaye atie valvu kubwa. Ushauri wa valvu una ukweli wake, ila ni ukweli wa uwanja wa mashindano. Ukiuleta Changamwe, katikati ya foleni ya malori, unakugharimu.

Pistoni inaposhuka, mchanganyiko wa hewa na petroli husukumwa ndani na uzito wa hewa ya nje tu. Moshi una msukumo zaidi: valvu yake ikifunguka, presha ya mlipuko bado imo, halafu pistoni nayo inapanda kuufukuza. Ndiyo maana valvu ya kuingiza huwa pana kuliko ya kutoa. Chukua Volkswagen Beetle, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 kwa injini ndogo ya kupozwa kwa hewa. Injini yake ya baadaye, ya 1600, hutumia valvu ya milimita 35.5 kuingiza na 32 kutoa.

Wanaoitia nguvu injini hiyo hupenda kuweka valvu ya kuingiza ya milimita 40. Tundu linapanuka kwa asilimia 27, jambo linalovutia kwenye karatasi. Lakini valvu haiondoki kabisa tunduni. Huinuka milimita chache, na hewa hupita pembeni mwake. Kamshafti ikibaki ileile, nafasi hiyo ya pembeni inaongezeka kwa asilimia 13 hivi tu.

Kuna pia suala la kasi. Injini hiyo ya 1600 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hewa hupita kwenye tundu la 35.5 kwa wastani wa mita 80 kwa sekunde, na kwenye la 40 mita 63. Hapo tundu kubwa ni nafuu. Ishuke hadi mizunguko 2,000, utapata mita 27 dhidi ya 21. Hewa iliyolegea haichanganyiki vizuri na petroli, wala haina mbio za kuendelea kujaza silinda pistoni ikishaanza kupanda. Basi pikipiki yenye abiria wawili inakohoa pale pale unapoihitaji, kwenye mwinuko wa kutoka feri maji yakiwa yamekupwa.

Tena sisi wa Mombasa tumependelewa. Nairobi, juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini ya hapa ina pumzi tayari. Shida yake ni joto.

Valvu ya moshi hupoa zaidi inapokalia siti yake, joto likihamia kwenye hedi. Ukipanua matundu yote mawili, alumini iliyo kati yao inabaki nyembamba, na hedi za Volkswagen hupasuka hapo hapo au kuelekea tundu la plagi. Hiyo ni injini yenye feni. Tuktuk nayo ina feni. Bodaboda haina; ikisimama Magongo jua la saa nane, inachemka yenyewe.

Kwa hivyo valvu kubwa ni ya mwenye pistoni kubwa, kamshafti ya kuinua zaidi na safari za resi ya juu. Huyo apanue ya kuingiza kwanza, ya moshi ibaki karibu asilimia 85 ya kipenyo cha ile ya kuingiza. Anayebeba abiria Kisauni hadi Bamburi ana kazi ya bei nafuu zaidi. Hedi ikishafunguliwa, mwambie fundi amimine petroli kidogo kwenye tundu la kuingiza na la moshi, valvu zikiwa zimefungwa, kisha atazame upande wa pistoni. Ikivuja ukingoni mwa valvu, nguvu yako inapotelea hapo. Valvu hiyo isagwe mpaka ikalie siti sawasawa, tapeti zipimwe injini ikiwa baridi, na pesa za valvu kubwa zibaki mfukoni.