Farasi Hufundishwa Kusimama Imara



Ukifika Temeke, Dar es Salaam, siku ya mpira wa Simba na Yanga, utakuta watu wengi sana barabarani. Wanakwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2007, na una viti 60,000. Siku kama hiyo unaweza kuwaona askari wamepanda farasi. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Askari aliye juu ya farasi huona mbali, kupita vichwa vya watu.

Sasa fikiri. Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 450 hadi 500. Mgongoni amebeba mtu. Mbele yake wako akina mama, watoto na wauza karanga. Watu wanapiga kelele na tarumbeta. Farasi akiteleza hapo itakuwaje? Askari ataanguka na watu wataumia. Kwa hiyo farasi lazima ajue kusimama imara na kugeuka bila kuyumba. Hazaliwi akijua kufanya hivyo na mtu mgongoni. Hufundishwa.

KWA NINI FARASI HUYUMBA?

Mkumbuke mtoto anayejitwika ndoo ya maji kwa mara ya kwanza. Anayumba, na maji yanamwagika. Baada ya siku nyingi shingo na kiuno hupata nguvu. Hapo hutembea vizuri, hata bila kuishika ndoo. Farasi naye ni hivyo hivyo.

Farasi asiye na mzigo huegemea mbele, kwa sababu ya kichwa na shingo. Katika kila kilo 100 za mwili wake, karibu kilo 60 hubebwa na miguu ya mbele. Mtu akimpanda, hukaa nyuma kidogo tu ya mabega. Basi miguu ya mbele huzidi kulemewa. Farasi huanza kujikwaa.

Dawa yake ni mazoezi. Farasi hujifunza kuisogeza miguu ya nyuma chini ya tumbo, na kubeba mzigo kwa nguvu za nyuma.

MAZOEZI MATANO

Kwanza, kwenda moja kwa moja. Mpandaji humtembeza farasi polepole kwenye mstari ulionyooka. Miguu ya nyuma ifuate njia ya miguu ya mbele.

Pili, kuzunguka duara. Duara la kuanzia liwe kubwa, upana wa mita 20. Azunguke kulia, kisha kushoto, mara sawa. Kila farasi ana upande anaoupenda, kama watu wanavyotumia mkono wa kulia au wa kushoto. Usimzungushe upande mmoja tu. Duara dogo huumiza miguu ya farasi ambaye bado hajazoea.

Tatu, kubadili mwendo. Atembee, asimame, atembee tena. Kisha aende mchakamchaka, halafu arudi kutembea. Kila mara anapopunguza mwendo, uzito hurudi nyuma. Zoezi hili hujenga nguvu ya kiuno.

Nne, kuvuka miti. Laza miti minne chini. Kutoka mti hadi mti iwe sentimita 80 hadi 90 kwa farasi mkubwa anayetembea. Farasi haruki. Ananyanyua miguu na kuangalia anapokanyaga.

Tano, kupanda na kushuka mteremko mdogo. Afanye hivyo polepole. Akikimbia mteremkoni hajifunzi kitu.

Mazoezi yasiwe marefu. Dakika 20 hadi 30 zinatosha farasi anayeanza. Dar es Salaam kuna joto, basi mazoezi yafanywe asubuhi na mapema au jioni. Farasi akianza kujikwaa au kuhema sana, amechoka. Mpandaji ashuke, farasi apumzike na kupewa maji.

MPANDAJI NAYE AJIFUNZE

Mpandaji akikaa upande, farasi naye huenda upande. Kwa hiyo akae katikati na kutazama mbele. Rikabu, yaani vyuma vya kukanyagia, ziwe na urefu sawa.

Umesikia watu wakisema, "kushika hatamu". Hatamu ni kamba za kumwongozea mnyama. Mpandaji mbaya huning'inia kwenye hatamu ili asianguke. Farasi huumia mdomo, na huinua kichwa kwa maumivu. Mpandaji mzuri hujishikilia kwa kiwiliwili chake. Hatamu huishika kwa mkono mwepesi.

NA PUNDA WAKO JE?

Labda utasema, "Mimi sina farasi." Ni kweli, farasi ni wachache katika nchi yetu. Sababu moja ni mbung'o, ambao huleta ugonjwa wa nagana. Lakini wengi wetu tunatumia punda, na mafunzo ni yale yale.

Ukimbebesha punda magunia, uzito wa kulia na wa kushoto uwe sawa. Mzigo ukilala upande mmoja, tandiko huchubua ngozi. Kidonda cha mgongoni huchukua muda mrefu kupona. Wakati huo nani atateka maji? Nani atapeleka mahindi mashineni?

Kama una mkokoteni wa magurudumu mawili, fanya jaribio hili kabla ya kumfunga punda. Pakia mzigo, kisha shika miti ya mkokoteni kwa mikono yako. Miti ikikulemea sana, mzigo umekaa mbele mno. Utambana punda mgongo. Miti ikitaka kuruka juu, mzigo umekaa nyuma mno. Mkanda utamkaba tumbo. Sogeza mzigo mpaka miti ibaki mikononi na uzito mdogo tu. Hapo ndipo umfunge punda.

Punda mchanga afundishwe kwanza na mkokoteni mtupu. Atembee, asimame, ageuke kulia na kushoto. Mzigo uongezwe kidogo kidogo.

Mnyama hawezi kusema mzigo umekaa vibaya. Husema kwa kujikwaa, kwa kugoma na kwa vidonda. Kabla ya kushika fimbo, tazama mzigo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini farasi hufundishwa kulia na kushoto sawasawa?
2. Punda wa kijijini kwenu wana vidonda wapi? Vinatokana na nini?
3. Utajuaje kwamba mzigo wa mkokoteni umekaa sawa?