Chasisi ya Pikapu Kuukuu: Unene wa Chuma na Nguvu Yake

Mkulima wa Choma, katika Wilaya ya Igunga, alimaye pamba na mpunga, ajua ya kuwa kazi yake haimalizikii shambani. Mavuno hayana faida mpaka yafike sokoni, na kati ya shamba na soko iko mbuga. Udongo wake mweusi huvimba na kunata wakati wa mvua. Jua likiwaka hukauka, na nyayo za magurudumu huwa ngumu kama mawe. Pikapu kuukuu ipitayo hapo na magunia mgongoni hutikiswa na kusokotwa safari nzima. Mwisho chasisi hukatika, mazao hulala njiani, na pengine watu huumia. Basi yafaa kila mwenye gari ajue nguvu ya chasisi yatoka wapi, na atakaye kununua gari la zamani ajue la kutazama kabla hajatoa fedha.

1. Chasisi ni nini

Chasisi ni boriti mbili ndefu za chuma, moja upande wa kuume na moja upande wa kushoto, zilizoungwa kwa vipingo kama ngazi iliyolazwa. Juu yake hukaa injini, chumba cha dereva na bodi ya mizigo. Chini yake hushikwa springi na ekseli. Uzito wote wa gari na mzigo hupita humo.

2. Unene si nguvu yote

Watu wengi huupima uzima wa chasisi kwa unene wa bamba tu. Neno hilo lina kweli, lakini si kweli yote. Twaa ubao wa inchi 2 kwa 6, uulaze bapa juu ya mawe mawili, kisha usimame katikati: utapinda. Sasa usimamishe kwa ukingo wake. Ubao ni ule ule, lakini nguvu yake imekuwa mara tatu. Kwa hiyo kimo cha boriti kina kazi kubwa kuliko unene wake.

Umbo nalo lina kazi yake. Chasisi za malori mengi ni wazi upande mmoja, kama mfereji uliolazwa ubavu. Hizo hukubali kusokotwa kidogo bila kuvunjika. Nyingine zimefungwa pande zote nne kama sanduku refu, nazo hushindana sana na msokoto. Land Rover, iliyoonyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilifanywa hivyo: vipande vinne vya bamba viliunganishwa pembeni kwa kuchomelewa, na unene wa bamba ulikuwa karibu milimita 2 tu. Hata hivyo magari hayo yalifanya kazi miaka mingi porini, kwa sababu ya umbo lake.

3. Kutu ni adui wa ndani

Lakini sanduku huficha ugonjwa wake. Matope na maji huingia kwa matundu, na kutu hula chuma toka ndani huku rangi ya nje ingali nzuri. Hapo ndipo unene unapokuwa jambo kubwa. Bamba la milimita 4 likiliwa milimita 1, robo tatu yabaki. Bamba la milimita 2 likiliwa milimita 1, imebaki nusu tu.

Anayenunua asitazame rangi. Agonge chasisi kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito. Aangalie hasa nyuma ya chumba cha dereva, juu ya ekseli ya nyuma, na mahali springi zinaposhikwa. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu juu ya rangi mara nyingi ni ufa. Mwenye gari naye aoshe matope kila baada ya safari, na matundu ya kutolea maji yasizibwe.

4. Kuongeza bamba

Wako wadhanio kwamba bamba nene likichomelewa mahali palipopasuka, shauri limekwisha. Sivyo. Mahali hapo huwa pagumu, na ufa mpya huanza pale bamba linapoishia ghafla. Fundi mwema hutoboa kwanza tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, ndipo achomelee. Na kiraka hukikata ncha zake zichongoke, zisiwe mraba. Tena mtu asitoboe matundu katika kingo za juu na za chini za boriti, maana huko ndiko nguvu iliko. Akilazimika, atoboe katikati ya kimo chake.

5. Mzigo na njia

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliopita Tabora katika karne ya 19 kwenda Ujiji na Bagamoyo, waliijua kanuni hii. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32, na bidhaa zilifungwa kwa kadiri hiyo, maana safari ilikuwa ya miezi.

Gari nalo lina kadiri yake. Pikapu iliyofanywa kubeba kilo 1,000 hubeba magunia 10 ya kilo 100, na watu wakipanda juu, magunia yapunguzwe. Mzigo ukishuka ghafla huisonga boriti mara mbili ya uzito wake. Kwa hiyo magunia 15, gari litumbukiapo shimoni, yaweza kuisonga kama magunia 30. Mzigo mzito uwekwe mbele ya ekseli ya nyuma. Ukining'inia nyuma yake, chasisi hupindwa, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hautii.

Kwa ufupi: tazama kimo na umbo kabla ya unene; tafuta kutu kabla ya kutazama rangi; tengeneza ufa ungali mdogo; pakia kwa kadiri, na kwenye mashimo nenda polepole. Safari mbili za magunia 10 zitafika sokoni. Safari moja ya magunia 20 huenda isifike.