Mhandisi apime barabara kabla ya kuchimba msingi

MAMA mmoja mnunuzi wa mahindi, mwenyeji wa Handeni, alijenga ghala la magunia 400 kando ya barabara ya Korogwe–Handeni. Alikopa ili anunue wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuuza miezi ya njaa. Ghala lilikuwa limeshaezekwa pale alama ya X nyekundu ilipochorwa ukutani. Kamba ilipovutwa kutoka katikati ya barabara, ukuta ulikutwa kwenye mita 26.

Mhandisi kijana aliyechora ramani na kusimamia ujenzi alijitetea kwa maneno machache: "Mama, kiwanja ulinionyesha wewe." Mama akamjibu: "Kiwanja nilikuonyesha mwanangu, lakini sheria ulitakiwa unionyeshe wewe."

Nani ana haki hapo? Tuanze na vipimo. Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hadi mita 30. Hivyo aliyekuwa na mali yake kihalali kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya sheria hiyo anastahili fidia eneo linapochukuliwa. Aliyejenga humo baadaye, kama mama huyu, hana cha kudai serikalini. Mita saba na nusu zinatosha kumfilisi mtu!

Sasa mhandisi. Kisheria, anayejitangaza kuwa na utaalamu anapaswa kufanya kazi kwa uangalifu unaotarajiwa kwa mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo. Hadaiwi miujiza. Lakini kupima umbali kutoka barabarani ni kazi ya kamba na nusu saa, na mteja asiyejua sheria ndiye hasa anayemlipa mtaalamu ili aijue. Mkataba ukivunjwa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeumia fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Gharama za ukuta zinaingia humo. Faida ya mahindi ambayo hayajanunuliwa ni vigumu zaidi kuidai, isipokuwa mhandisi alielezwa mapema ghala ni la nini na linahitajika lini.

Hapa wengi wetu tunajiponza. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, lakini jaribu kuyathibitisha mbele ya hakimu! Mama huyu ana risiti za saruji na mabati tu. Hakuna karatasi inayosema nani alitakiwa kuhakiki mpaka. Mstari mmoja ungetosha.

Kuna mtego mwingine. Kama wote wawili walijua kuwa eneo ni hifadhi, wakaamua "tujenge tu, watatuhamisha lini", mahakama haitasimamia makubaliano ya kuvunja sheria. Kila mmoja atabaki na hasara yake. Nimewasikia wafanyabiashara Segera na Korogwe mjini wakizungumza hivyo bila wasiwasi.

Kabla ya kumkabidhi mtu kazi, ulizia kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi kama yumo katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi zote mbili zinaendeshwa kwa sheria za mwaka 1997, na aliyesajiliwa anaweza kushtakiwa huko kwa utovu wa maadili. Fundi wa mtaani ana bei nafuu, ila akikosea hakuna bodi ya kumwita. Pia usimalize malipo yote siku ya kukabidhiwa jengo. Bakiza sehemu hadi mvua za masika zipite, na jambo hilo liandikwe.

Dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita, hivyo mama bado ana muda. Hata hivyo, hakwenda mahakamani. Mbele ya wazee walikubaliana kwamba mhandisi atabomoa na kulijenga upya ghala nyuma ya mita 30 bila ujira, na mama atanunua saruji. Safari hii wameandika, na kamba ilivutwa kwanza.