Mashine inakataa etiketi yenu? Tafuteni shida kabla ya kuchapa upya

Mchele umepepetwa, umetiwa katika vifuko vya kilo moja, etiketi zimebandikwa, mzigo umetoka Baraka kupitia Uvira mpaka Bukavu. Pale dukani, mwenye kupokea pesa anapitisha kifuko mbele ya mashine: kimya. Anarudia: kimya. Mwenye duka anasema, "Hii siwezi kuuza, mrudishe." Na usafiri mlishalipa.

Wandugu wa koperative, shida hii inatokana na ile alama ya milia myeusi ambayo kwa Kifaransa inaitwa code-barres. Wengi wanapokataliwa wanakimbia kuchapa etiketi mpya, na kosa linarudi vilevile. Sisi tunasema: tafuteni kwanza shida iko wapi. Inaweza kuwa katika mashine ya kusomea, katika namba, au katika chapa yenyewe.

Mashine nyingi za dukani zinatoa mwanga mwekundu. Mlia mweusi unameza mwanga, nafasi nyeupe inaurudisha, na mashine inapima upana wa kila kimoja. Kitu chochote kinachochanganya nyeusi na nyeupe kinaifunga macho.

Jaribio la kwanza. Chukueni sabuni au biskuti iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, yenye alama ya milia, muipitishe kwenye mashine ileile. Ikikataa nayo, huenda etiketi yenu haina kosa: mashine ni chafu au imeharibika.

Jaribio la pili. Andikeni kwa mkono zile tarakimu 13 zilizo chini ya milia. Kompyuta ikisema bidhaa haijulikani, pengine duka halijaiandikisha, au tarakimu moja ilikosewa. Tarakimu ya mwisho inahesabiwa kutokana na zile 12 za mbele, kwa hiyo hamwezi kubadilisha moja mnavyotaka. Lakini kompyuta ikiikubali namba, basi kosa liko kwenye chapa. Angalieni haya:

Rangi. Wenye kuuza mawese wanapenda etiketi nyekundu. Lakini milia myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa mbele ya mwanga mwekundu. Chapeni milia myeusi juu ya nyeupe.

Ukubwa na nafasi. Kipimo cha kawaida ni karibu milimita 37 kwa upana na 26 kwa urefu, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Msishuke chini ya asilimia 80 ya kipimo hicho. Nafasi tupu ya kushoto iwe karibu milimita 4, ya kulia karibu milimita 2 na nusu. Mara nyingi picha ya mchikichi au fremu inaingia hapo, na mashine haijui milia inaanzia wapi.

Milia iliyovimba. Wino umesambaa kwenye karatasi mbaya, au mashine ya kuchapa inatoa joto kupita kiasi. Punguzeni joto au badilisheni karatasi. Msitoe fotokopi ya alama. Kila kopi inaharibu zaidi.

Mstari mweupe unaorudi mahali palepale kwenye kila etiketi. Zimeni mashine ya kuchapa, ipoe, kisha mpanguse kichwa chake kwa kitambaa laini chenye alkoli. Mstari ukibaki, sehemu ya kichwa imekufa. Mkingoja kingine, geuzeni alama ili mstari mweupe ukate milia yote kwa kupita, usifute mmoja mzima.

Chapa inayofifia. Kwaruzeni karatasi kwa ukucha. Ikitokea alama nyeusi, hiyo ni karatasi ya joto, isiyotumia wino. Jua na mafuta vinaiharibu, kwa hiyo haifai kwa bidoni za mawese wala kwa mzigo unaokaa nje.

Chupa ya mviringo. Chupa ikiwa nyembamba, milia ilale kama vidato vya ngazi. Ikisimama, ile ya pembeni inapinda na haisomeki. Etiketi isiwe na mikunjo.

Angalizo moja: simu inaweza kusoma alama ambayo mashine ya duka inakataa, kwa sababu kamera haitegemei mwanga mwekundu. Simu ikisoma, msishangilie bado.

Kwa hiyo, mkienda kwa mchapaji, ombeni kwanza etiketi kumi tu. Zibandikeni juu ya vifuko vilivyojaa na kufungwa, kwa sababu kifuko kitupu hakionyeshi mikunjo. Mzipime kwenye mashine ya duka lolote lililo karibu, au mtume vifuko viwili kwa mnunuzi kabla ya mzigo wote. Zikisoma zote, lipeni zilizobaki. Na wekeni etiketi moja ya kila uchapaji katika daftari la koperative, ili siku ya ubishi muwe na ushahidi mkononi.